Mama hataki kabisa nusu kaputi, je uvimbe wa pafu unaweza kutolewa mgonjwa akiwa macho?

Binti wa Kayenze

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa waliosomea mambo ya afya au waliopitia hii kitu wenyewe.

Mama yangu ana miaka 61, kabanika samaki Kayenze tangu mimi sijazaliwa, yani ukiulizia sangara wa moshi kule mwaloni wanakupeleka kwake. Sigara hajawahi kuweka mdomoni. Mwaka jana mwishoni akaanza kikohozi kikavu, tukasema ni moshi tu kama siku zote, alafu akaanza kupungua mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Tukaenda kituo kimoja (sikitaji) wakapiga picha ya kifua wakaona kidoa, wakamwanzishia dawa za TB wakati makohozi hayajaonyesha mdudu hata mmoja. Kanywa miezi miwili, mkojo rangi ya chungwa kila siku, kikohozi kiko palepale na kidoa kiko palepale.

Ndo tukapanda hospitali ya rufaa Bugando, Mwanza. Wakamfanyia siti skani wakaona uvimbe wa milimita 19, pafu la kulia, juu, pembeni karibu na mbavu. Wakamchoma sindano ndefu wakachukua kinyama. Majibu ni saratani, ila haijasambaa. Daktari alipotamka haijasambaa nililia palepale kwenye benchi, watu wakanipa pole wakijua nimefiwa kumbe nilikuwa nashukuru.

Sasa wanasema dawa yake ni kuutoa, na mama kagoma. Mwaka 1996 dada yake, mama mkubwa wetu, aliingia theta asubuhi kwa operesheni ya kizazi, akapigwa nusu kaputi, hakuamka. Mama ndo alikuwa nje ya mlango kashika kanga na ndala zake. Tangu siku hiyo anasema yeye kulazwa usingizi na binadamu mwenzie hapana, bora afe anajijua. Tumemleta mchungaji, tumemleta mjomba kutoka Sengerema, hamna kitu.

Juzi binamu yangu aliyeko India akanitumia video, mtu anatolewa uvimbe kwenye pafu kwa katundu kadogo ubavuni na yuko macho anaongea na nesi. Nikamwonyesha mama, kwa mara ya kwanza akasema "hiyo naweza". Naombeni ukweli, hii kitu ipo kweli au ni ya mitandaoni? Na kwa mtu kama mama inafaa?

Kijana wa Igogo

Dada pole sana na mama. Ila mi niulize wataalamu, kifua kikitobolewa si hewa inaingia mtu anakata moto? Huku kwetu kuna jamaa alichomwa kisu ubavuni, kidonda chenyewe kidogo tu, hakufika hata hospitali ya Sekou Toure. Sasa hawa wanatoboa makusudi mtu yuko macho, anapumuaje?

Nesi Buzuruga

Binti wa Kayenze pole mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni usingizi, miaka 14 nakaa kichwani pa mgonjwa theta, kwa hiyo niache niseme kwa kirefu maana hapa ndo kwangu.

Kitu hiki kipo, si uongo. Kwa kawaida operesheni ya pafu mgonjwa analala kabisa, anapitishwa mrija kooni wenye njia mbili, njia moja kwa kila pafu, ili mashine ipumulie pafu zima na lile linalokatwa lilale. Mrija huo ni mnene, unakwaruza koo, na mgonjwa anapewa dawa ya kulegeza misuli yote, kwa hiyo mashine ndo inampumulia. Kwa mtu mwenye mapafu yaliyochoka wakati mwingine kazi siyo kumlaza, kazi ni kumtoa kwenye mashine baadae.

Hii nyingine wanaua maumivu ya ubavu mmoja tu. Mama yako kama alizaa kwa operesheni anaijua sindano ya mgongo ya kule chini kiunoni. Ya kifua inapanda juu, usawa wa katikati ya mabega, wanaacha na kamrija kembamba kama uzi wa mshipi dawa iwe inaingia kidogo kidogo. Au wanachoma ganzi mbavu kwa mbavu, kwenye ile mishipa ya fahamu inayopita chini ya kila ubavu. Alafu wanatoboa tundu, la sentimita 3 au 4 hivi, wanaingiza kamera na vyuma vyao hapohapo.

Kijana wa Igogo swali lako ni zuri sana. Hewa inaingia ndio, na pafu la upande ule linanywea kama puto lililofunguliwa, na daktari anataka linywee ili apate nafasi ya kufanya kazi. Anapumua kwa pafu la pili na oksijeni tunampa. Kidonda cha kisu kinaweza kuua kwa sababu wakati mwingine hewa inaingia haitoki, inajazana ndani mpaka inasukuma moyo na pafu zima upande wa pili, na juu ya hapo kuna damu. Theta tundu liko wazi, hewa inaingia na kutoka, haijengi presha. Lakini sidanganyi, pafu linaponywea mgonjwa anasikia pumzi imekuwa fupi, ni dakika chache ngumu, na hewa chafu ya kaboni inapanda kwenye damu, tunaiangalia kwenye mashine muda wote.

Shida ya pili ni kikohozi. Pafu likiguswa linakohoa, na huwezi kushona kitu kinachoruka. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani kupita kifuani, wanauchoma ganzi kidogo kwa ndani, au wananyunyiza dawa ya ganzi, lignokeni, juu ya pafu, basi kikohozi kinatulia kwa muda.

Sasa sikiliza hapa mdogo wangu maana video hazisemi. Macho kabisa, mtu anaongea, mara nyingi ni kazi ndogo, kutoa kinyama, kukata kipande kidogo cha pembeni. Wakitaka kutoa sehemu kubwa wengi wanampa dawa ya kumsinzisha, anapumua mwenyewe lakini yuko kwenye usingizi mwepesi, pengine hatakumbuka chochote. Kwa hiyo mama akiahidiwa macho, ulizeni macho gani, asije akajisikia kadanganywa siku ya mwisho.

Na ya mwisho, mambo yakiharibika katikati, damu au pumzi, inabidi apitishwe mrija haraka akiwa amelala ubavu na kifua kiko wazi. Hapo ndo pagumu kuliko kuupitisha mwanzoni kwa utulivu. Mtu wa usingizi asiyeweza kufanya hivyo kwa uhakika asianze. Kwa hiyo ukisikia bila kaputi usielewe bila mtu wa usingizi, anatakiwa mzuri kuliko kawaida.

Kuhusu mama mkubwa, Mungu ampumzishe. Mwambie mama kwamba siku hizi kile kifaa tunachobana kidoleni kinatuambia oksijeni imeshuka kabla mgonjwa hajabadilika hata rangi ya mdomo, na kipo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Huko nyuma sehemu nyingi walikuwa wanaangalia kucha na kushika mshipa wa mkono. Muombe akutane na mtu wa usingizi uso kwa uso KABLA, amweleze habari ya dada yake yote, hata kama atalia. Tunahitaji kuijua pia kikazi, maana kuna familia zina shida na dawa fulani za usingizi, inarithiwa.

Mchimbaji wa Zamani

Mwangaluka wote. Binti mi nimelala kwenye hicho kitanda, kwa hiyo nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Nina miaka 58, nimechimba dhahabu Geita tangu ujana, mashimo ya kienyeji, vumbi tunakula kama chakula. Walinikuta na kidude pafu la kushoto, familia ikauza ng'ombe tukaenda India na kijana wangu mkubwa ndo mkalimani.

Wakasema kwako tutafanya macho, kidude kiko pembeni ni kidogo. Daktari wa usingizi akaniuliza maswali mengi kupitia kwa kijana. Akafika kwenye "umewahi kuugua TB?" Kijana akanigeukia akaniuliza kwa Kisukuma kabisa. Nikajibu hapana.

Niliugua mwaka 1999. Nilitibiwa nikapona. Ila sikuwahi kuwaambia watoto, wakati ule ukisema TB watu wanasema una ngoma, yani ukimwi, hata kikombe wanatenga. Sasa nitamwambia mwanangu pale mbele ya mgeni? Nikasema hapana kwa sauti ya kawaida tu, na yeye akatafsiri hapana.

Theta baridi kama Mbeya. Wananilaza ubavu wa kulia, mkono wa kushoto umeinuliwa juu kwenye mto, kitambaa cha kijani kimeniziba nisione. Sindano za mbavu zinauma mbili za kwanza, zilizobaki unasikia mtu anakubonyeza tu. Nesi wa kike kakaa usawa wa uso wangu kanishika mkono, hajui Kiswahili mimi sijui lugha yake, kafundishwa na kijana neno moja, "polepole". Walipotoboa sikusikia maumivu. Nikasikia kama mtu amekalia kifua, pumzi inaishia kooni, nikataka kuinuka. Yule dada akawa anapumua mbele ya macho yangu, anavuta taratibu anapuliza kwa mdomo kama mtu anapoza uji, nami nikamfuata. Ikapungua. Nikawa nawasikia wanaongea, vyuma vinagongana kwenye sinia, moyo wangu unalia kwenye mashine.

Alafu wakanyamaza. Ukimya ule ndo ulionitisha, si kisu. Pafu langu lilikuwa limegandana na ukuta wa kifua, makovu ya TB ile ile, halikunywea kama walivyotarajia, wakijaribu kulibandua mimi nakohoa na damu inachuruzika. Daktari wa usingizi akainama akasema kitu, nikawekewa kitu usoni, sikumbuki tena. Nimekuja kuamka na mrija kooni na kijana wangu kakaa pembeni analia. Kumbe daktari alitoka kumuuliza huyu mzee aliwahi kuugua kifua? naye akasema hapana, maana ndo alichokijua.

Niliwekwa mrija ubavuni unaoingia kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, ukikohoa yanatoa mapovu. Mtu wa pafu zuri chupa wanaitoa siku mbili tatu, mi nilikaa nayo siku kumi na moja kwa sababu pafu lilichanika walipolibandua, kila asubuhi naamka naangalia chupa, mapovu, mapovu. Na kidude chenyewe majibu yakarudi siyo saratani, ni kovu la TB ile ya zamani.

Niko mzima, napanda mlima. Lakini laiti ningesema ukweli wangenilaza kwa utaratibu tangu mwanzo, pengine hata wasingenipasua. Binti, mama yako aulizwe kuhusu TB na mtu ambaye hatamuonea aibu. Usimuulize wewe.

Binti wa Kayenze

Mzee wangu shikamoo, nimesoma mara tatu na nimeshindwa kujibu hapo mwanzo. Asante kwa kutuambia hilo jambo. Wabeja sana. Nesi Buzuruga na wewe Mungu akubariki. Mama anasema hajawahi kuugua TB zaidi ya hizi dawa alizopewa juzi kimakosa, lakini sasa nimepata wasiwasi maana nilimuuliza mimi mwenyewe.

Mti Dawa

Kuna mizizi inatoka Ukerewe inayeyusha uvimbe bila kisu, njoo inbox.

Nesi Buzuruga

Mti Dawa hapana, tafadhali. Uvimbe wa milimita 19 ambao haujasambaa ndo wakati mzuri zaidi wa kisu kumponya huyu mama. Akikaa miezi mitatu kwenye mizizi tutakuja kuongea habari nyingine.

Daktari Kanda ya Ziwa

Naunga mkono nesi, niongeze machache.

Kwanza moshi. Wengi wanashangaa saratani ya mapafu kwa mama asiyevuta sigara. Moshi wa kuni majumbani unatambulika kwamba huenda ni moja ya vyanzo vyake, na mama aliyeinamia tanuru la kubanikia miaka yote hiyo kavuta mwingi kuliko kawaida. Wenzake wote pale mwaloni wenye kikohozi kisichoisha wakapimwe, na dawa za TB zisipoleta nafuu huku makohozi ni safi msikubali kuongezewa mwezi mwingine bila siti skani. Nimewapokea wengi mno waliokuja uvimbe ukiwa saizi ya chungwa kwa sababu ya kupitia njia hiyo, inaniuma kila mara.

Pili, operesheni hii ya macho. Daktari wa Sweden, Jacobaeus, mwaka 1910 alieleza jinsi ya kuingiza kifaa chenye taa kifuani kwa ganzi tu, na baadae ikatumika kukata huo huo ugando wa TB anaousema mzee Mchimbaji. Mgonjwa alikuwa macho, usingizi wa kifua wa kuaminika haukuwepo. Mashine za kupumulia zilipokuja njia hiyo ikawekwa pembeni. Mwaka 2004 timu ya Pompeo kule Roma ikaonyesha inawezekana kutoa vinundu vya pafu kwa kamera mgonjwa akiwa macho, na 2011 Wataiwani wakatoa taarifa ya kuondoa kipande kizima cha pafu lenye saratani bila mrija kooni. Mhispania Gonzalez-Rivas amefanya hivyo kupitia tundu moja tu. Kwa hiyo video ya binamu inawezekana kabisa ni ya kweli.

Lakini wote hao wanachagua wagonjwa. Mnene sana hapana, mwenye koo gumu kupitisha mrija hapana, mwenye makohozi mengi au kikohozi kisichozuilika hapana, uvimbe mkubwa hapana, na pafu lililogandana ndo hapana kubwa. Ugando wakati mwingine siti skani hauuonyeshi vizuri. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kusaidia, pafu zima linateleza chini ya mbavu kila mtu akivuta pumzi, lililogandana halitelezi. Mwombeni daktari wenu aangalie hilo, ni kipimo cha dakika chache na hakichomi mtu.

Wanaofaidika zaidi na njia hii ni wazee na wenye mapafu dhaifu ambao mashine inaweza kuwaumiza, na wengi wanakula na kuinuka siku hiyo hiyo. Mama wa miaka 61 kama akipuliza kwenye mashine ya kupima mapafu na namba zikawa nzuri, kulazwa usingizi siyo hatari kubwa kwake kama anavyodhani. Kitakachomponya ni uvimbe kutoka wote na tezi za jirani kukaguliwa, basi. Na habari njema, chini ya sentimita 2 na uko pembeni, pengine hawatahitaji kuondoa kipande chote cha juu. Utafiti wa Japani uliotoka 2022, wagonjwa 1,106, waliokatwa sehemu ndogo ya kipande hawakuishi pungufu ya waliotolewa kipande kizima.

Kwa hiyo ushauri wangu kama ningekuwa kaka yako, rudini Bugando wiki hii muombe rufaa ya daktari bingwa wa upasuaji wa kifua, mwambieni wazi mama anaogopa kaputi na kwa nini. Aseme yeye kama macho inafaa. Ikifaa na kuna mtu anayeifanya mara kwa mara, vizuri. Isipofaa msikae miezi mkitafuta pesa ya India kwa ajili ya kuwa macho tu.

Kijana wa Igogo

Daah nimejifunza. Dada usiache kutuletea majibu.

Binti wa Kayenze

Wadau nimerudi, samahani nilikaa kimya siku nne.

Nilifuata neno la mzee Mchimbaji, nikamtuma mama mdogo kutoka Nansio. Wakakaa wawili tu kwenye banda la kubanikia, mimi nikajifanya nimeenda kununua mkaa. Nilivyorudi mama mdogo akaniita pembeni. Mwaka 1983, kabla hajaolewa, mama alilazwa miezi miwili akichomwa sindano kila siku ya Mungu, alafu akapewa vidonge vya kumeza nyumbani. Baba alifariki hajui. Bibi ndo aliwakataza wote kusema, binti atakosa mchumba.

Nesi nilikutumia inbox ukanijibu kwamba sindano za kila siku miezi miwili enzi zile ndo zilikuwa za TB, asante sana.

Jana usiku nikakaa na mama, sikumwambia kwamba najua. Nikamsomea tu stori ya mzee kutoka kwenye simu, taratibu, mpaka kwenye chupa yenye mapovu. Alikuwa anachambua dagaa, akaacha. Akauliza huyo baba wa Geita alipoamka alimwambia mwanae? Nikasema nadhani alimwambia. Akakaa kimya muda mrefu, alafu akaniambia mwenyewe, yote, mpaka jina la wodi. Nikamshika mikono ina magamba ya dagaa tukakaa hivyo.

Bado hajakubali kulala usingizi. Ila amekubali kuonana na mtu wa usingizi, kwa sharti mama mdogo aingie nae na mimi nibaki nje. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tunapanda daladala ya kwanza. Kwenye daftari lake la vikoba nimeandika ultrasaundi ya kuona kama pafu linateleza, macho gani, nani atakaa kichwani na ameshafanya ngapi, na juu kabisa kwa wino mwekundu, TB 1983, na chini yake jina la mama mkubwa na mwaka 1996.